Vigelegele vya Shangazi Kwenye Kaseti

Siku hizo vyombo vya mitumba vilikuwa vimeanza kuingia kwa wingi kutoka Tunduma. Kaka yangu alirudi na kompresa ya sauti ya bei rahisi, boksi jeusi lenye vitufe vichache na taa nyekundu. Tukaiunga chumbani kwetu, Sumbawanga, kati ya maikrofoni na redio ya kurekodia. Kazi yake ni kuibana sauti inapopanda ghafla, ili na ile ya chini isikike.

Tuliihitaji kwa ajili ya shangazi. Dada yetu alikuwa anaolewa Kipili, kando ya ziwa, na shangazi, kwa miguu yake iliyovimba, asingeweza kuteremka ziwani kumwimbia. Dada akaomba aondoke na sauti ya shangazi kwenye kaseti. Kesho yake alikuwa anapanda basi.

Shangazi huimba chini kabisa, kama anayeongea na ulezi anaousaga, halafu bila taarifa anapiga vigelegele. Kabla ya kompresa tulijaribu, kaseti ikakwaruza vibaya. Tukapunguza sauti, wimbo ukapotea, vikabaki vigelegele peke yake.

"Shangazi, basi viache," kaka alimwambia.

"Bibi harusi bila vigelegele? Kwani tunamzika?"

Sasa nikavaa hedifoni, nikashika vitufe mimi. Kwanza nilibana mno. Kila shangazi aliponyamaza kuvuta pumzi, kuku wa uani walinijaa masikioni. Nikalegeza. Lakini ili nipime sawasawa nilihitaji vigelegele, na yeye hakukubali kuvipiga hivi hivi.

"Vigelegele vya bure sina. Nipeni sababu."

"Mwimbie wewe," kaka akanigeukia. "Mimi nikiimba atadhani mbuzi kanaswa."

Sikuwahi kuimba mbele ya mtu. Kanisani nilijificha nyuma ya warefu. Nikakazia macho ile taa ili nisimwone shangazi, nikaimba sehemu ya bibi harusi anapoaga kwao. Sauti ilitetemeka, kisha ikatulia.

"Kumbe unayo, na ulikuwa unatunyima," shangazi akasema, akapiga vigelegele vya kweli, vile vya harusini.

Taa ikawaka, ishara kwamba boksi linabana. Nikazungusha kitufe polepole, naye hakuacha, mpaka vikaniingia masikioni vizima, bila kukwaruza.

"Shangazi, tuanze upya," nikasema, mimi ambaye hata shikamoo huitoa kwa kunong'ona.

"Tuanze. Ila unanijibu hivyo hivyo."

Tukaimba wote wawili. Kaka alikaa sakafuni akicheka kimya kimya, amejiziba mdomo kwa kofia yake.

Jioni dada aliisikiliza kaseti ameinamia redio. Kwenye wimbo wa chini alifumba macho, na vigelegele vilipokuja akavipokea kwa vyake. Akairudisha nyuma, akaisikiliza tena, akatuuliza anayejibu ni nani. Kaka akaninyooshea kidole. Dada akanivuta mkono, tukacheza pale pale katikati ya mizigo yake.