Kathini na Mkufu wa Konokono

Jirani yangu hapa Mata anaitwa Kathini, na ukimwambia ni mkaidi atacheka akubali. Sisi wengine tukiona ziwa Jipe linarudi nyuma, tunalalamika kanisani basi. Yeye alitengeneza mkufu.

Kila Januari hutoka mlangoni akihesabu hatua hadi maji yanapoanzia. Kwa kila hatua tano, ganda moja la konokono. Maganda huyaokota kwenye tope maji yalipotoka, akayatoboa kwa sindano ya moto na kuyatunga kwa uzi wa mkonge. Miaka tisa iliyopita mkufu uliishia kifuani. Sasa unapita magoti.

"Mama Daisy," aliniambia, "wakubwa hawasomi barua. Hii wataiona."

Alitaka kitu kimoja tu: matete yanayoziba ziwa yang'olewe, maji yarudi, mumewe Mwangangi aendelee kumwagilia nyanya zake hapa nyumbani, asihamie Taveta kupakia ndizi za watu.

Siku ya baraza alisimama na mkufu wake, akaeleza kila kitu, sauti haikutetemeka hata kidogo. Mama mmoja, mkubwa kutoka ofisi ya serikali, akaushika. "Jamani, unapendeza!" Akapiga nao picha, kisha akaagiza mikufu arobaini ya kugawia wageni wa mkutano wa mazingira. Mazingira! Nusura nimrushie kiatu. Kuhusu matete, alisema wamesikia.

Kathini aliitengeneza yote. Angefanyaje? Nyanya zilishakauka na Mwangangi alishahamia Taveta. Oda zikaja nyingine, na ndizo zinazomlisha yeye na watoto mpaka leo. Shida ni kwamba ganda likikaa juani linapasuka. Zuri ni lile la tope bichi, pale maji yametoka juzi tu.

Aprili mvua ikapiga sana upande wa Upare, ziwa likajaa hadi karibu na shamba lao. Nilikimbia kwake nikipiga vigelegele. Nilimkuta amekalia ndoo, analia. Nikadhani ni furaha.

"Usinishangilie," akasema. "Nimeona maji yanarudi nikakasirika. Nimemwomba Mungu ayakaushe. Mimi, Mama Daisy! Mimi!"

Niliumia, nikaketi tu naye pale chini.

Haikupita mwezi, maji yakaondoka tena. Asubuhi nilimwona akishuka na ndoo yake kwenda kuokota, na wallahi alikuwa anakimbia.