Ngumi ya Mpiga Picha

Mpiga picha huyu hutazama kila picha kwa jicho moja, kupitia ngumi aliyoikunja kama bomba. Vidole vyake vina gundi iliyokauka, na sauti yake haipandi hata akitaniwa. Dada mmoja alipokuja kuchukua picha kubwa ya kaka yake aliyefariki, aliikataa palepale.

"Siyo yeye, fundi. Umembandika ukutani kama tangazo."

"Fumba jicho moja, dada yangu, utazame ndani ya ngumi. Macho mawili yanauambia ubongo kwamba hii ni karatasi. Likibaki moja, kivuli cha kidevu tu kinatosha kuudanganya kwamba ni mtu."

Akajaribu. Ukuta wa pichani ukarudi nyuma, bega likaja mbele, na kaka yake akasimama pale kama anayengoja kuitwa. Akafumbua jicho, karatasi. Akalifumba tena, kaka. Akachanganyikiwa.

"Sasa niamini lipi? Na kila nikisali namwomba Mungu anisaidie kukubali kwamba hayupo."

Mpiga picha akamsogezea kiti mbele ya picha, akafunga mlango wa duka, akasimama akiwapa mgongo dada na kaka yake. Wateja wakabisha hodi. Hakuwafungulia.