Muhiddin na Bastola ya Rangi ya Chungwa

"Umeigusa, Mama Siham!"

"Sikuigusa."

"Mbona jana ilikuwa ikilia, leo imekuwa bubu?"

"Kamuulize Deepak aliyekuuzia. Mimi duka lake hata mlango siujui."

Mume wangu Muhiddin alikuwa amesimama katikati ya jiko letu, ghorofa ya saba, Tottenham, London, kaishika bastola kama mtu aliyeshika kuku mgonjwa. Msishtuke. Bastola yenyewe ni ya kuanzishia mbio. Ndogo, inaingia mfukoni mwa koti, nusu yake imepakwa rangi ya chungwa kama sheria ya hapa inavyotaka, na mtutu wake umezibwa chuma hata sisimizi hapiti. Kazi yake ni kupasua fataki tu. Lakini siku ile haikupasua kitu. Alibana kifyatuo, nyundo ikajiinua kidogo, ikakwama hapo hapo.

"Najla anakuja saa kumi," akasema. "Na sasa ni tisa na nusu!"

Hapo nikaanza kumwonea huruma. Najla ndiye katibu wa michezo ya Idi, ile tunayoifanya Jumamosi ya pili baada ya sikukuu, watu wakishamaliza kula. Mwaka jana bastola ya zamani iligoma mara tatu mbele ya umma, mwisho Muhiddin akapiga ukelele kwa mdomo, "Paa!", wakimbiaji wakakaa chini kwa kucheka. Riyadh, kijana wa kamati, akaleta simu yenye mlio wa tarumbeta akaiunga na spika. Najla akasema wazi: mzee akipata bastola nzima, nikaisikia kwa masikio yangu, kazi ni yake. Asipopata, tunatumia simu ya Riyadh. Nyie hammjui Muhiddin. Kuliko kumnyang'anya kazi ile, ni bora mumng'oe meno.

Tulipokuja kutoka Wete, miaka sita aliambiwa ngoja. Alingoja karatasi zake za ukaazi kwenye ofisi moja niliyokwisha kuisamehe, akangoja mpaka njiwa wakamjengea kiota begani, na vifaranga wawili walitoka, niliwaona. Alipozipata karatasi akaendesha basi miaka ishirini na mitano, na dereva wa basi naye kazi yake ni kungoja: taa nyekundu, mama mwenye kigari cha mtoto, kikongwe anayetafuta kadi yake kwenye mkoba wenye mifuko kumi na minne. Sasa, michezo ya Idi ya kwanza kabisa, mwanzishaji mbio hakutokea. Wakampa Muhiddin vibao viwili avigonge. Akavigonga, watoto arobaini wakatimka! Alirudi nyumbani macho yanawaka. "Mama Siham, leo mimi ndiye niliyewaambia watu nendeni!"

Mwaka uliofuata wakampa bastola. Siku aliyoipiga mara ya kwanza, njiwa wote wa Tottenham walihamia Stanmore, kule mwisho wa reli. Na shoga yangu mmoja, mbio za wanawake wazima, aliuitikia ule mlio hata akaupita utepe, akaupita uwanja, hakusimama mpaka Stanmore hiyo hiyo, mlangoni kwa Sushila, Mhindi wetu wa Mombasa, akapewa chai ya tangawizi na kurudishwa kwa treni. Anayebisha akamuulize Sushila.

Basi, hii mpya ilifika Jumatatu. Ni ya bei ndogo, na Muhiddin alilijua hilo, kwa hiyo akaikagua kama mchumba wa binti yake. Alitandika gazeti mezani, akavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Akaisugua grisi ya kiwandani kwa mswaki mkuukuu. Akatikisa mpini kuona kama unacheza. Akakaza skrubu moja iliyolegea, akamulika ndani kwa tochi, akaguna. Kifyatuo kilikuwa kigumu kama kiatu kipya, basi siku nzima akawa anakibana bila fataki, tak, tak, tak, mbele ya televisheni, mezani kwenye chai, hata akizungumza kwenye simu na Siham, binti yetu.

"Baba, nini kinalia hapo?"

"Goti la mama yako."

Jumatano akaenda nayo uwanjani, kwa ruhusa ya mlinzi wa pale. Fataki zake zinakuja nane nane kwenye pete ya plastiki. Mimi nilikaa na kikombe na kokwa za tende. Ikilia, kokwa kikombeni. Ikikataa, kokwa chini. Pete ya kwanza zilianguka chini tatu. Ya pili, moja. Ya tatu, ya nne na ya tano, hakuna hata moja.

"Imeshanizoea," akasema, akaibusu. Mimi miaka arobaini na moja ya ndoa sijabusiwa vile mbele ya mlinzi.

Sasa niwaambie nyinyi, yeye sikumwambia. Niliigusa. Jioni ya Jumatano hiyo hiyo, alipokwenda msikitini, niliiona ndani ya kisanduku chake imekauka, hata nikaionea imani. Kwetu Pemba chochote kinachokwaruza kinatiwa mafuta ya nazi: bawaba, cherehani, goti, nywele. Nikaimiminia, nikaichezesha, ikateleza kama samaki changu aliyetoka majini. Nikairudisha kisandukuni, kisanduku balkoni, alipokiweka mwenyewe. Na baridi ya Aprili ya London mnaijua.

Ndipo Alhamisi ile, Muhiddin akiilaani bastola na kizazi chake, jicho langu likaangukia chupa yangu ya mafuta dirishani. Nyeupe. Imeganda kama mshumaa. Miaka thelathini na minne nimekaa nchi hii, kila asubuhi naiweka chupa ile juu ya redieta ya kupashia chumba ndipo nichane nywele, na bado akili haikunipeleka huko!

"Nipe," nikamwambia.

"Ya nini?"

"Nipe, bwana we!"

Akanipa. Nikaitia kwapani, ndani ya sweta, kanga juu, nikaanza kuzunguka meza.

"Mama Siham, hicho si kipimajoto."

"Nyamaza. Mzinga wa kutangazia futari kule Wete ulipogoma, bibi yangu aliutibu hivi hivi. Aliukumbatia, ukalia."

"Mzinga mzima?"

"Alikuwa na mikono mirefu."

Saa ikafika kumi kasoro kumi. Baridi ya chuma imenifika mpaka kwenye ini, lakini natabasamu. Kumi kasoro tano nikahisi tone linanitiririka ubavuni. Nikaichomoa, nikaifuta haraka kwa ncha ya kanga, nikambwagia mkononi.

Alibana bila fataki. Tak! Akabana tena. Tak! Uso ukamfunguka kama dirisha. Akapachika pete, akafungua mlango wa balkoni, akainama: "Jaswinder! Ni mimi!" Na Jaswinder wa ghorofa ya chini yetu, ambaye ameshazoea, akagonga bomba mara mbili, maana yake endelea.

"Kaa mahali pako," Muhiddin akaniambia kwa ile sauti yake ya uwanjani.

Nikaipandisha kanga, nikainama kando ya friji, kidole kimoja sakafuni.

"Tayari..."

Paa! Maandazi niliyoyatia motoni kwa ajili ya Najla yaliruka kwenye karai yakajigeuza yenyewe. Nami nilitoka mbio mpaka mlango wa choo, na kama choo kingekuwa mbali zaidi mngenikuta Stanmore. Paa! Paa! Muhiddin anacheka, mimi nacheka, nimeushikilia ukuta.

Kisha pua ikamcheza. Akaisogeza bastola puani.

"Mama Siham."

"Labeka."

"Hebu nusa."

"Baruti hiyo."

"Baruti naijua. Mimi nasikia nazi."

"Ni maandazi."

"Maandazi yako kule, bastola iko hapa. Time," akaniita kwa jina langu, "hebu nitazame usoni. Jana nilipokwenda msikitini, wewe uli..."

Mlango ukafunguka. Najla huyo, koti lote limelowa mvua, anahema kwa furaha.

"Shikamoo Mzee, shikamoo Bi Time! Nimezisikia zote tatu toka kwenye lifti. Basi, Jumamosi saa nne, Mzee, usichelewe. Riyadh nimeshamwambia simu yake akampigie mama yake." Akavuta pumzi, akageuza pua upande wa bastola. "Eh, mbona kunanukia nazi?"

Muhiddin akafungua kinywa. Nikamtia andazi.