Mama Gusa analinda kamba

Saa tatu asubuhi, watoto arobaini wa darasa la tano wanaingia mbio katika chumba cha majaribio cha makumbusho ya sayansi, mwalimu wao nyuma akihema. Wanakwenda moja kwa moja kwenye baiskeli ya kuzalisha umeme, ile isiyokwenda popote. Mikono imeshanyooshwa.

"Jamani, msiguse," anasema mwanamke wa miaka hamsini na mbili aliyesimama kando ya kamba nyekundu. Anarudia. "Msiguse, wanangu. Tazameni tu."

Mtoto mmoja anamwuliza kama baiskeli ni mbovu. "Nzima kabisa," anajibu. "Fundi wake ni mimi." Mtoto anaguna na kwenda zake.

Kwa miaka kumi na saba wanafunzi wamemwita mwanamke huyu Mama Gusa. Mashine zote ishirini na mbili za chumba hiki amezifunga na kuzifungua kwa mikono yake. Tena alikuwa na mtindo ambao wenzake waliucheka: kila asubuhi, kabla ya basi la shule kufika, aliharibu kitu kimoja makusudi. Alilegeza nati, akachomoa waya, au akageuza betri kichwa chini miguu juu.

"Mtoto ukimpa kitu kizima atakichezea dakika mbili, basi," anasema. "Mpe kibovu uone. Hatoki! Atakuvuta nguo mpaka akuchoshe kwa maswali."

Mwalimu mmoja wa sayansi aliyeleta madarasa yake hapa kwa miaka minane anasema shule yake haina maabara. Ana wanafunzi sitini na wanane katika chumba kimoja, na umeme anaufundisha kwa chaki. "Nachora betri, nachora taa, nachora mshale. Taa ya chaki haiwaki, ndugu yangu. Hapa walikuwa wanaiona ikiwaka. Tukirudi darasani nikiwauliza kwa nini mwanzo ilikataa, wanagombania kujibu."

Wiki saba zilizopita zilifika shule mbili kwa siku moja. Moja ilikuwa imekosea tarehe. Chumba cha watoto arobaini kikapokea mia moja na kumi na watatu. Asubuhi ile Mama Gusa alikuwa amechomoa waya mweusi wa taa ya baiskeli, na kuondoa kinga ya mnyororo ili aufikie waya huo. Kawaida yake huirudisha kinga, kisha husimama hapo hapo, mkono kwenye breki. Siku ile alikimbilia mlangoni kuwagawa wageni.

"Niliwaambia, tafuteni kwa nini haiwaki, guseni msiogope, narudi sasa hivi," anasema. "Kinga nikaiacha chini. Miaka kumi na saba sijaisahau hata mara moja, siku ile nikaisahau. Sina wa kumsingizia."

Mvulana mmoja alikuwa anakanyaga pedali kwa nguvu zake zote. Msichana wa miaka kumi na miwili akauona waya, nyuma ya mnyororo. Akapeleka mkono. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia, mkono anaoandikia, kilikatika kwenye pingili ya kwanza.

Mama Gusa alikwenda hospitali kila siku. Mama wa mtoto, ambaye ni fundi cherehani, hakumtukana. Bora angemtukana. "Nimekusamehe," alimwambia, "lakini kitandani kwa mwanangu usisogee." Mama Gusa akawa anasimama mlangoni. Siku ya tisa mtoto mwenyewe ndiye aliyemwita.

"Mama, ulikuwa ule waya mweusi, eti?"

Akamwambia ndiyo.

"Basi nilipata," mtoto akasema, akageukia ukutani.

Hapa Mama Gusa anashindwa kuendelea. Analia waziwazi mbele ya wageni waliokuja kutazama mashine.

Wiki iliyopita mkurugenzi alimpa karatasi ya mistari mitatu aisaini. Ilisema watoto walionywa wasiguse, na kwamba aliyeumia alikaidi. Akisaini, kampuni ya bima itakubali kamba iliyowekwa tangu ajali iondolewe, watoto waguse tena. Asiposaini, kamba inabaki na kazi yake inakwisha. Mwisho Ijumaa.

Mkurugenzi hafichi. "Watoto elfu tisa hupita hapa kila mwaka," anasema. "Wote hao nikawaambie nini? Na yule binti matibabu yake tumeyalipa. Maneno ya karatasi yatampunguzia nini?"

Nyumbani, mdogo wake anayeishi naye alikuwa mkali zaidi. "Dada, saini! Umekuwa hakimu wa mbinguni tangu lini? Ukifukuzwa utakula bisibisi?"

"Nilitaka kusaini, nisikudanganye," anasema Mama Gusa. "Kalamu niliishika. Chumba hiki ndiyo maisha yangu. Lakini yule mtoto anarudi shule, na watamwambia kidole chake alikitaka mwenyewe, aliambiwa asiguse akagusa. Mimi ndiye niliyemwambia aguse. Tena alipata!"

Ijumaa alirudisha karatasi. Mistari yote mitatu alikuwa ameikata kwa kalamu, na chini yake ameandika: "Nilimwambia aguse. Nilisahau kinga. Mtoto hana kosa."

Jumatatu akapewa barua. Kazi inakwisha mwisho wa mwezi, na kamba itabaki mahali pake. Hakuna aliyempigia makofi. Hata yule mwalimu wa sayansi alimwambia usoni kwamba ukweli wake umewaponza wanafunzi wake sitini na wanane.

Amebakiwa na siku kumi na moja. Katika mfuko wa turubai anakusanya vitu vyake mwenyewe: betri, nyaya, taa ndogo, sumaku. Chenye mnyororo hakimo. Anataka kwenda navyo shule kwa shule, watoto wajaribu papo hapo kwenye madawati yao. Barua ya kwanza ya kuomba nafasi ameipeleka shuleni kwa yule msichana. Mwalimu mkuu amesema hawezi kujibu mpaka mama wa mtoto akubali. Mama wa mtoto amesema atafikiri.

Mwandishi wa habari hii anamwuliza kwa nini aanzie pagumu kuliko pote.

"Kwingine watanipokea kwa sababu hawanijui," anasema. "Yule mama ananijua. Nataka yeye ndiye aseme kama naweza kukaa tena na watoto wa watu. Akisema niache, naacha."