Elyse, Jinsia ya Kiume

Inatangazwa kwa umma wote wa Turkana, wenyeji kwa wageni, wenye vitambulisho na wanaovisubiri, punda na ngamia wakiwemo: kutoka Kaikor hadi Kapedo, jina la Elyse lina mwenyewe mmoja tu. Wataalamu hawajakubaliana linavyotamkwa. Wananchi wawe watulivu.

Mwenyewe ana miaka ishirini na miwili, alizaliwa Kivu, Kongo, na anashona sare za shule Kakuma kwa cherehani ya miguu. Jina alipewa na baba yake, marehemu Adolphe, mtu aliyepoteza nyumba, shamba na mke njiani lakini matamshi akafika nayo salama. Kwao kila nyumba ilikuwa na Élisabeth, naye alitaka binti wa kipekee. "Ni Eliiz," alimsahihisha kila mtu, hata padri. "Ile e ya nyuma inaandikwaka, lakini haisemwake." Majirani walimwonea huruma. Kwa Kiswahili herufi ikishaandikwa inafanya kazi. Hakuna ya kukaa bure.

Basi binti akawa Elise, Elaise, Ilisi kwa Wasomali wa dukani, na kwa Atem, fundi baiskeli wa jirani, akawa Alisi wa Cherehani. Aliitika yote. Asiyeitika Kakuma hapati maji.

Mwaka jana chuo kimoja cha uuguzi mjini Lodwar kilitenga nafasi ya ufadhili kwa msichana mkimbizi. Moja. Elyse alikuwa na alama, akaomba, akakubaliwa, na jioni hiyohiyo akakata kitambaa cheupe ajishonee sare. Mwalimu wa Kakuma alisoma jina kwa simu, karani wa Lodwar akaandika. Orodha ilipobandikwa ilisema: Elyse, mume. Nafasi ya msichana haiwezi kupewa mwanamume. Arekebishe kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo iende kwa anayefuata.

Kibali cha kutoka kambini kilichukua siku nne. Ijumaa saa nne asubuhi alisimama mbele ya karani mwenyewe, Ekiru, mtu mpole mwenye shati lililonyooka kuliko serikali.

"Ejok, dada."

"Ejok, papa. Mi ni mwanamke."

"Naona. Lakini hiyo jina ni ya mwanaume."

"Nani alisema?"

"Si inaanza na E? Mimi ni Ekiru, dada yangu ni Akiru. Ekeno mwanaume, Akeno mwanamke. Ungekuwa msichana ungeitwa Alyse." Akashusha sauti kwa heshima. "Kwenu walikosea."

Hakuwa na ubaya hata chembe. Kwa Waturkana wa Lodwar, herufi ya kwanza ndiyo suruali au sketi, na Ekiru aliandika alichosikia. Ilikuwa sarufi tu, na sarufi haina mahakama ya rufaa.

"Tufanye hivi," akasema. "Niandikie Alyse hapa, nibadilishe saa hii."

Elyse akaitazama kalamu. Baba yake hakuacha mali. Aliacha herufi tano, moja yao bubu. Akaandika Alyse.

Kompyuta ilimpokea Alyse kwa furaha, ikatafuta kadi ya mkimbizi ya Alyse, ikakosa. Kadi ilikuwa ya Elyse. Vyeti vya Elyse. Ekiru akamrudisha Elyse; kompyuta ikamrudisha mwanamume. Akampigia mkubwa wake, mwenye ruhusa pekee ya kubadilisha jinsia; mkubwa yuko mkutanoni. Akapiga tena, mkutano una chai. Saa sita na dakika tatu jina la msichana mwingine likajitokeza kwenye ile nafasi, limenyooka, bila kasoro.

Ekiru aliumia kweli. Alimnunulia soda, naye hakuifungua.

"Mwakani uombe tena, dada yangu. Hiyo jina safari hii nitaisema vizuri mbele ya wakubwa. Nifundishe."

Akamfundisha. Mara ya kwanza, Elise. Mara ya pili, Elizi. Mara ya tatu karani akafumba macho, akavuta pumzi, akasema Eliiz, e ya nyuma imekufa kabisa, kama alivyokuwa akiisema Adolphe. Uso ukamng'aa.

"Nimepata?"

"Umepata. Nirudishie vyeti vyangu."