Pampu ya Wenje na Pikapu Isiyotaka Kufika

Nisingetoka Malindi wiki ile kama si simu ya kaka yangu Maro. "Hawa, mahindi yanakunja majani," aliniambia. "Yameshatoa mbelewele na mvua hakuna. Yasipopata maji kufikia Ijumaa, basi tena." Shamba lenyewe liko Wenje, ukingoni mwa mto Tana, na linalimwa na familia sita. Pampu yao niliipeleka mimi kwa fundi wa Malindi, na ilikuwa imetoka kutengenezwa. Nikaipakia pamoja na mabomba na pipa la dizeli kwenye pikapu aliyoniachia marehemu mume wangu, gari lenye umri mkubwa kuliko binti yetu aliye chuoni.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, niling'oa nanga. Nilipita Mambrui na Gongoni salama. Marereni nililiona tuta nikiwa nimeshalifikia, nikafunga breki. Taa za dashibodi zikazimika, injini ikanyamaza kimya.

Ugonjwa huo niliujua. Ulikuwa umenipata mara mbili tangu Ramadhani, zote nikiwa na mzigo. Fundi wa kwanza alibadilisha betri, wa pili akabadilisha alteneta, na kila mmoja aliniapia kwamba gari limepona. Nilifungua kisanduku cha fyuzi: moja imeungua, ile ile ya siku zote. Nikaweka mpya, gari likawaka, nikaendelea huku nikisema maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasikia.

Karibu na Minjila kundi la ng'ombe lilikatiza lami. Gari likazima tena. Fyuzi ya pili. Dereva wa lori lililokuwa nyuma alinipigia honi kana kwamba nimesimama pale kuota jua.

Garsen, saa nne. Nilielekezwa kwa fundi wa umeme wa magari, kijana mchangamfu anayeitwa Kassim.

"Mama, hii ni betri," alisema kabla hata sijazima injini.

"Betri ni mpya."

"Basi alteneta."

"Mpya pia."

Akajikuna kidevu. "Basi wamekuuzia feki."

Alifungua hiki, akapima kile, saa mbili zikaisha. Injini ikanguruma palepale bandani bila kuzima. Mwisho akaja na suluhisho lake: aondoe fyuzi, aweke kipande cha waya. "Hapo haiungui tena."

"Haitaungua fyuzi, litaungua gari," nilimjibu, "na nyuma nina pipa la dizeli!" Nikachukua ufunguo wangu.

Nilipokuwa nikigeuza, mama mmoja wa Kiorma alinisimamisha. Jina lake Mama Habiba, alikuwa ameuza maziwa yake Garsen na anarudi kwao, karibu na Wenje. Alipanga madumu yake matupu miguuni, akakaa kando yangu na kuniuliza jina.

Tulishika barabara ya Hola. Mwendo wa nusu saa tu, mbuzi watatu wakachomoka kichakani. Kimya. Fyuzi ya tatu, na nilibakiwa na mbili. Jua lilikuwa utosini, Maro alikuwa amepiga simu mara nne. Niliiegemea bodi na machozi yakanitoka kwa hasira.

Mama Habiba alishuka, akanitazama. "Hawa, leo hii gari nakufa wapi kwanza?"

"Marereni. Kwenye tuta."

"Halafu?"

"Minjila, kwa sababu ya ng'ombe. Na sasa mbuzi."

"Kote huko wewe nafanya hivi." Akapiga mguu chini kwa nguvu, vumbi likaruka. "Kama nakanyaga nyoka."

Niliutazama mguu wangu. Breki!

Niliingiza kichwa chini ya usukani, nikachomoa waya wa swichi ya taa za breki. Nikaweka fyuzi ya nne, nikaendesha kidogo, nikatazama vioo. Nyuma hapakuwa na mtu. Nikafunga breki kwa nguvu. Madumu yakagonga dashibodi, Mama Habiba akataja jina la Mungu, lakini injini iliendelea kunguruma. Nikarudia. Ikanguruma.

Basi nikalala chini ya gari na kuufuata waya wa taa hizo kutoka nyuma kuja mbele. Niliukuta umebanwa kati ya bodi na chesisi, ganda limelika, shaba inang'aa. Breki ya ghafla iliusukuma mzigo mbele, bodi ikasogea na kuugandamiza ule waya kwenye chuma. Na kwa kuwa fundi fulani wa zamani aliunga umeme wa injini kwenye fyuzi ya taa za breki, kimoja kikifa vyote vinakufa. Nilikata kipande cha tyubu kuukuu, nikauviringa waya, nikaufunga mbali na chuma na kuirudishia ile swichi waya wake. Mama Habiba akasimama nyuma huku mimi nikikanyaga.

"Nawaka!" alipiga kelele. "Mbili zote!"

Wenje tulifika alasiri. Maro alinipokea kwa "Mbona umechelewa?" na nilikaribia kurudi na pampu yao. Kina mama waliibeba hadi ukingoni, na kabla ya magharibi maji yalikuwa yakiingia shambani. Mistari minne ya mwisho ilikuwa imeshakufa. Mingine yote, asubuhi, ilikuwa imefungua majani.

Jumamosi nikirudi, nilipita kwa Kassim nikamweleza. "Ah, hata mimi ningeliona," akasema.

Labda. Lakini sote tuliuliza gari lina kitu gani kibovu. Hakuna aliyeuliza nilikuwa nikifanya nini lilipozima. Tulikuwa wanne, mafundi watatu na mimi mwenye mguu juu ya breki, na aliyetutangulia kuona ni mama ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli.