Uso wa Aliyeamshwa Dhorubani

Mdogo wangu hasikii tangu alipougua homa utotoni, na kwa jambo hilo sijapata kumwonea huruma. Huruma yangu nimewawekea akiba wale wanaomhurumia. Ni fundi cherehani ambaye wateja wake humwogopa, kwa kuwa humwambia mtu ukweli kuhusu kiuno chake kwa vidole viwili tu, mbele ya foleni nzima. Baba alimpachika jina la Sindano, naye akalivaa kama nguo iliyokatwa kwa kipimo chake.

Tulipokuwa watoto, shangazi alikuwa akimfinya kanisani kila sala ilipoanza, kwa sababu hakufumba macho. Miaka ilipita kabla mtu yeyote katika ukoo ule wa wacha Mungu hajatambua kwamba, kwake, kufumba macho ni kuziba masikio. Siku moja, tukirudi nyumbani, aliniuliza kwa mikono: "Mnaongea na nani, mbona hamtaki kumwona?" Leo nina shahada, na jibu bado sina.

Kwa hiyo makanisa ya mji wetu yalipoungana kuitafsiri Injili kwa lugha ya alama, Sindano aliteuliwa kuwa mtafsiri, nami nikawa mkalimani kati yake na kamati ya wanaosikia. Chumba chetu kilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi: pazia la kijivu ukutani, kamera juu ya miguu mitatu, blanketi madirishani ili mwanga usibadilike. Chini yetu walikata mabati tangu asubuhi, na hapakuwa na studio nyingine mjini ambayo kelele hizo zisingeiathiri. Sindano alivaa blauzi nyeusi aliyojishonea mwenyewe, ili mikono ionekane, akalalamika kila siku kwamba amenyimwa rangi ya kucha kwa ajili ya Injili.

Utaratibu wa kazi hiyo ulikuwa mmoja, na haukuvunjwa. Kila sehemu iliyorekodiwa ilionyeshwa kwa kiziwi asiyewahi kukutana na kisa chenyewe, kisha akaombwa asimulie alichokiona. Akisimulia kingine, kazi huanza upya.

Tulipofika pale Bwana alipolala mashuani huku dhoruba ikivuma, kamati iligawanyika. Ugomvi haukuwa juu ya mikono ya Sindano. Ulikuwa juu ya uso wake.

"Mama, mwambie mdogo wako asituigizie," mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, aliniambia. "Hili ni Neno. Watu watacheka kanisani."

Mchungaji, msomi na mtu mwema, alikuwa na hoja nzito zaidi. "Maandiko yanasema aliamka, akaukemea upepo. Hayasemi alikuwa na uso gani. Tukiweka uso, tumeongeza. Nani katupa ruhusa ya kuongeza?"

Nilimfikishia Sindano. Akajibu bila kupepesa: "Muulize mchungaji, mkewe akimnunia siku nzima, huwa hajasema kitu?"

Nilitafsiri neno kwa neno. Mchungaji akaangua kicheko. "Hapo kanipata!"

Mwenyekiti hakucheka. "Uso mkavu, au tunaweka mtu mwingine." Na huyo mwingine alikuwa tayari: shemasi mmoja anayesikia, aliyejifunza alama kwa muda mfupi, mikono yake safi, uso wake mlango uliofungwa. Rekodi yake ilikuwa imekamilika. Iliamuliwa kwamba zote mbili zijaribiwe siku moja, na itakayoshinda ndiyo viziwi wa mji mzima watakayoipokea, wao na watoto wao.

Nilichemka. Mchungaji yuleyule husoma madhabahuni kwa ngurumo mpaka vioo vinatetemeka, na hakuna kamati iliyowahi kumshtaki kwa kuongeza ngurumo! Nani alimwomba asome kwa sauti isiyopanda wala kushuka?

Lakini Sindano, niliyetarajia achemke kuliko mimi, nilimkuta dukani kwake mbele ya kioo cha wateja, cherehani imenyamaza.

"Dada, mchungaji ana haki yake," alisema. "Sijui alikuwa na uso gani. Kila ninaouvaa, ama unanibana ama unanipwaya." Mikono yake ilikaa kidogo hewani. "Naogopa. Lakini uso mkavu nao ni uso."

Siku ya jaribio aliletwa fundi wa kuchomelea vyuma, kiziwi tangu kuzaliwa, mcheshi, mikono ya shati imetobolewa na cheche. Akaonyeshwa kwanza rekodi ya shemasi, kisha akasimulia, nami nikamsemea:

"Kuna bwana kalala. Mashua inazama. Wenzake wanamwamsha. Yeye hajali, wafe wasife. Anaamka, anaufukuza upepo kwa sababu umemharibia usingizi." Akamalizia kwa swali: "Sasa hao wenzake, mbona hawakumtosa majini?"

"Wapi imeandikwa kwamba hakujali?" mwenyekiti alifoka.

"Hakuna," mchungaji alisema polepole. "Ila ndivyo walivyomlaumu wale waliomwamsha, kwamba hajali. Na sisi tumewapa ushindi."

Ikafuata rekodi ya Sindano. Mabega yake yakawa mashua, vidole vikawa maji yanayoingia. Kisha akalala, kisha akaamshwa, na hapo ndipo maneno yangu yote ya chuo kikuu yananiishia. Aliwatazama kwanza waliomwamsha, kama mama anayemjua mtoto anayelia kabla hajafumbua macho. Ndipo akaugeukia upepo. Hakukunja uso. Kiganja chake kilishuka, na bahari ikashuka nacho.

Fundi alisimama kusimulia. Nilitakiwa kumsemea, nikasahau kwamba nina sauti. Hakuna aliyenikumbusha. Alipepesuka na mawimbi, akamwamsha aliyelala, na mikono yake iliyojaa makovu ikatandazika hewani, ikatulia tuli. Chini yetu mabati yalikuwa yakikatwa, lakini naapa chumba kilikuwa kimya. Kisha akatugeukia, mmoja mmoja, akauliza kwa alama moja.

"Anasemaje?" mchungaji alininong'oneza.

"Anauliza, huyu ni nani?"

Mchungaji alishika ukingo wa meza. Wale wa mashuani waliuliza swali hilohilo, mwishoni kabisa mwa kisa. Sindano alikuwa hajalirekodi. Alikomea bahari ilipotulia.

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Mwambie amalizie sehemu iliyobaki. Kwa uso wake."

Makanisa mawili yalijitoa baadaye, na hadi leo yanasema tuliongeza. Siku ile, hata hivyo, mwenyekiti alisema tuombe, akainamisha kichwa. Mchungaji hakuinama. Aliomba macho wazi, akiitazama mikono yangu iliyokuwa ikitafsiri sala, na uso wa Sindano uliokuwa ukiipokea.

Sindano akanigusa kiwiko. "Mwambie asikodoe hivyo, atanichekesha mbele za Mungu."